Vikombe Sita

Daktari, karatasi yako imenifikia.
Umeandika "tumbo", ukatia nukta, ukasaini.
Tumbo ni wilaya nzima, daktari.
Lina kata zake na vitongoji vyake,
na mji linao, mji wa mimba.
Nianzie kwenye ini? Nishukie figo?
Niandikie tu unaogopa nini.
Mashine haijui kubahatisha
nami nimechoka kuibahatishia.

Basi nimemuuliza mwenyewe,
Somoe Namkopi wa Malatu,
aliyekuja kwa pikipiki kabla ya jua,
vumbi hadi kwenye kope.
Amenijibu huku akiitazama kandambili yake:
"Hedhi iliniaga, mwaka wa saba huu.
Sasa damu imerudi, na haibishi hodi."

Maneno hayo, daktari,
yalikosa nafasi kwenye karatasi yako?
Mistari mitatu ilibaki mitupu.

Nikakupigia simu. Ukasema, "Ongeza nyonga."
Nikaongeza. Kisha nikamwambia
ninachowaambia wote:
Mama, kunywa maji vikombe sita,
ukae saa nzima, usiende chooni.
Kibofu kikijaa husukuma utumbo kando,
kikawa dirisha, nami nikachungulia.

Akacheka. Tangu aingie, ndiyo mara ya kwanza.
"Vikombe sita? Mwanangu,
hapahapa Newala?"

Nikakumbuka niko wapi.
Bomba la wodi limekohoa Jumanne likanyamaza.
Kwake, kisima cha paa kimebaki tope na vyura,
bati linangoja Desemba.
Anaoga kopo, anapikia kopo,
la kunywa wanatangulia wajukuu.
Nami na koti langu jeupe
namwamuru ayanywe yote peke yake,
halafu ayabane.

Benchini alikuwepo kijana wa picha ya kifua,
anabishana nami juu ya mkufu:
eti haujatoka shingoni tangu jando.
(Ulitoka. Sabuni ilisaidia.)
Na pembeni yake Mzee Chinguile,
mgonjwa wa kibofu cha nyongo,
hajala tangu jana magharibi
na ananuna kwa kila anayetafuna.
Akainama, akavuta chupa kutoka kwenye kikapu,
lita moja na nusu, kizibo hakijafunguliwa.
"Chukua. Mimi nimekatazwa, wewe umelazimishwa.
Hospitali hii ina mambo."

Akanywa. Nilihesabu bila kutaka.
Kikombe cha nne akapumzika,
cha tano akakitazama kama deni,
cha sita akafumba macho.

Saa ikatembea kwa magoti.

Kitandani nikamwonya kwamba jeli ni baridi.
Akashtuka hivyohivyo. Wote hushtuka.
Nikabonyeza taratibu, maana kibofu kimejaa
na heshima ya mtu iko ukingoni.
"Unaona nini?" akauliza.

Daktari, unajua sisi haturuhusiwi.
Nikageuza kioo kidogo, nikamwonyesha
lile doa jeusi, pana, limetulia:
"Naona maji yako, mama.
Yamefika yote."
Akayaangalia muda mrefu
kama mtu aliyeonyeshwa shamba lake kwenye ramani.

Chini ya maji yale niliona mengine.
Nimepima mara tatu, mkono ukiomba nimekosea:
ukuta wa ndani, milimita kumi na nne.
Nimeandika nyuma ya karatasi, kwa herufi kubwa,
na mistari yako mitatu nimeijaza yote.

Kwa sasa yuko chooni.
Amekwenda mbio, kiatu kimoja kimebaki mlangoni kwangu.
Atakuja kwako akitabasamu, amepata nafuu ya kibofu.
Usiidhanie ni nafuu nyingine.
Mkalishe. Funga mlango.
Mwambie polepole, kwa Kimakonde ukiweza,
na usiseme "tumbo".

Chupa ya Mzee Chinguile nimeiweka dirishani kwangu.
Ikipatikana ya kuijazia, niambie.